Kisa cha Yogyakarta: bakteria anayevinyima virusi nafasi ndani ya mbu

Kati ya Januari 2018 na Machi 2020, mtu aliyefika na homa katika kituo cha afya cha msingi jijini Yogyakarta, kisiwani Java, Indonesia, huenda aliulizwa kama yuko tayari kutoa damu kidogo kwa ajili ya utafiti wa dengi, homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Alipaswa kuwa na umri wa miaka 3 hadi 45, na homa yake iwe ya siku 1 hadi 4. Hakupewa kidonge wala hakuchanjwa. Kinga iliyokuwa inapimwa ilikuwa imeshawekwa tangu 2017. Ama ilikuwa inaruka mtaani kwake, ama haikuwapo, kulingana na kura iliyopigwa juu ya ramani ya jiji.

Ramani hiyo iligawa jiji katika maeneo 24, kila moja likiwa na takriban kilomita moja ya mraba. Maeneo 12 yalipelekewa mbu wa Aedes aegypti waliobeba bakteria aitwaye Wolbachia. Maeneo 12 mengine yaliachwa na mbu wake wa siku zote. Matokeo yalichapishwa Juni 2021 katika jarida la The New England Journal of Medicine. Walioandikishwa walikuwa 8,144, na waliobaki kwenye uchambuzi mkuu ni 6,306. Upande wa Wolbachia, 67 kati ya watu 2,905 walithibitika kuwa na dengi, yaani asilimia 2.3. Upande wa ulinganisho walikuwa 318 kati ya 3,401, asilimia 9.4. Ufanisi ukakadiriwa kuwa asilimia 77.1. Kwa wagonjwa wa dengi waliolazwa hospitalini pengo lilikuwa pana zaidi: 13 huku, 102 kule, ufanisi wa asilimia 86.2.

Takwimu hizi zimerudiwa mara nyingi. Kinachonivutia ni jambo lililo nyuma yake: mbu hawa hawana kinga kamili. Mbu mwenye Wolbachia akinywa damu yenye virusi vingi vya dengi, mara nyingine huambukizwa. Basi bakteria anayeshindwa mara moja moja amewezaje kushusha ugonjwa kwa zaidi ya robo tatu? Jibu linahitaji kusoma pamoja vitu viwili ambavyo kwa kawaida huandikwa na watu tofauti: kinachotokea ndani ya seli ya mbu, na hesabu ya maambukizi mtaani.

Mpango ulianza kwa lengo lingine

Wolbachia si ugunduzi wa juzi. Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach walimweleza mwaka 1924 baada ya kumwona ndani ya mbu wa jamii ya Culex nchini Marekani. Anaishi ndani ya seli tu, hawezi kujitegemea nje, na hurithiwa kutoka kwa mama kupitia mayai. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya spishi za wadudu wanaye. Aedes aegypti, mbu mkuu wa dengi, ni miongoni mwa wale ambao kwa asili hawana.

Kilichomfanya apendwe na wanabayolojia kwa miongo mingi ni ujanja wake katika uzazi. Dume mwenye Wolbachia akipanda jike asiye naye, mayai hayaanguliwi. Jike mwenye Wolbachia akipandwa na dume yeyote, mayai yanaanguliwa, na watoto wote wanarithi bakteria. Kwa hiyo majike wenye bakteria wanazaa bila hasara, na wasio naye wanapoteza mayai kila wanapokutana na dume asiyewafaa. Bakteria akishavuka kiwango fulani katika kundi la mbu, anajisambaza mwenyewe. Ndiyo sababu huko Yogyakarta mayai ya mbu yaliwekwa katika vyombo mitaani kati ya Machi na Desemba 2017 tu, kwa awamu 9 hadi 14 kwa kila eneo, kisha kazi ikasimama. Kwa muda wote wa kuandikisha wagonjwa, kiwango cha mbu wenye Wolbachia katika maeneo hayo kilikaa karibu asilimia 96 bila mtu kuongeza hata ndoo moja.

Lakini wazo la kwanza la kumtumia bakteria huyu dhidi ya dengi halikuwa kuzuia virusi. Timu ya Scott O'Neill nchini Australia ilitaka kufupisha maisha ya mbu. Hoja yao ilikuwa safi: virusi vya dengi vinahitaji takriban siku 8 hadi 12 kutoka utumboni mwa mbu hadi kwenye tezi za mate, hivyo mbu mzee peke yake ndiye hatari. Ukimwondoa mzee, umeondoa ugonjwa. Walikuwa na aina ya Wolbachia iliyofaa kwa kazi hiyo, wMelPop, iliyotoka kwa inzi wa matunda na ambayo huzaliana bila breki hadi kuharibu tishu za mwenyeji wake. Mwaka 2009 walitangaza kwamba imefanikiwa kukaa ndani ya Aedes aegypti na kukata urefu wa maisha yake kwa nusu hivi.

Kabla ya habari hiyo kutulia, nyingine ilikuwa imeshatokea. Mwaka 2008 makundi mawili yaliyofanya kazi bila kushirikiana yaliona kwamba inzi wa matunda wenye Wolbachia wanastahimili virusi vya RNA (vile vinavyobeba maagizo yao ya urithi kwenye molekuli ya RNA badala ya DNA) vinavyowaua wenzao. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba hata ndani ya Aedes aegypti, Wolbachia anapunguza dengi na chikungunya. Mpango wa kuwaua mbu mapema ukageuka kuwa mpango wa kuwaacha waishi. Mageuzi haya hayakuwa madogo, maana yalibadilisha kigezo cha kuchagua aina ya bakteria, na hapo ndipo mizizi ya ushindi wa Yogyakarta ilipo.

Ndani ya seli

Virusi vya dengi vina uzi mmoja wa RNA wa aina iitwayo chanya. Maana yake ni kwamba uzi huo ukiingia tu kwenye seli, ribosomu zinaweza kuusoma mara moja kama maagizo ya kutengeneza protini. Protini hizo za kwanza ndizo zinazoanzisha kunakili RNA zaidi. Kazi ya kunakili haifanyiki hewani. Virusi hukunja tando za retikulamu ya endoplazimu, ule mtandao wa tando unaozunguka kiini cha seli, na kutengeneza vifuko vidogo ambamo RNA inanakiliwa ikiwa imefichwa mbali na ulinzi wa seli. Ili kufanya hivyo vinahitaji mafuta mengi, na hasa kolesteroli.

Sasa mtazame Wolbachia. Yeye pia anaishi akiwa amefunikwa na utando uliotoka kwa mwenyeji, na makazi yake yanahusishwa na tando hizohizo za retikulamu na za Golgi, sehemu ya seli inayopanga na kusafirisha protini. Hana uwezo wa kujitengenezea kolesteroli, na wadudu nao hawawezi; wanaitegemea kutoka kwenye chakula. Fahali wawili hawakai zizi moja, na mwanzoni watafiti wengi waliridhika na picha hiyo.

Kuna ushahidi unaoiunga mkono. Inzi wa matunda wakipewa chakula chenye kolesteroli nyingi zaidi, kinga wanayopewa na Wolbachia dhidi ya virusi inapungua. Katika seli za Aedes aegypti zenye Wolbachia, kolesteroli imeonekana kukwama mahali isipotumika, na dawa inayoifungua inarudishia virusi vya dengi sehemu ya uwezo wa kuzaliana. Isitoshe, kadiri Wolbachia wanavyokuwa wengi ndani ya tishu ndivyo virusi vinavyozuiwa zaidi. Huu uhusiano wa wingi na kinga ni miongoni mwa matokeo yaliyojirudia zaidi katika uwanja huu.

Hata hivyo ugomvi wa chakula hautoshi kueleza kila kitu. Baadhi ya majaribio yaliyofuatilia hatua za mwanzo za maambukizi yameonyesha kwamba virusi vinaingia kwenye seli karibu kama kawaida, ingawa si yote yanayokubaliana. Kinachoharibika ni kinachofuata: RNA ya virusi haiongezeki inavyopaswa, na iliyopo inasagwa upesi. Kimeng'enya kimoja cha mbu, XRN1, ambacho kazi yake ni kutafuna RNA kuanzia mwisho mmoja, kimehusishwa na usagaji huo. Ukikipunguza, virusi vinapata nafuu kiasi. Vipo pia vimeng'enya vya seli vinavyobandika alama za kikemia kwenye RNA, navyo vimetajwa katika baadhi ya majaribio ya inzi na ya mbu.

Nadharia iliyoshamiri mapema kuliko zote ilikuwa ya kinga ya mwili: kwamba Wolbachia, akiwa mgeni, anaamsha ulinzi wa mbu, na virusi vinakuta askari wameshashika silaha. Ni kweli kwamba Aedes aegypti aliyepewa Wolbachia kwa mara ya kwanza huonyesha ongezeko la kazi ya jeni za kinga. Lakini inzi wa matunda, ambaye ameishi na Wolbachia kwa muda mrefu na hana msisimko huo, bado analindwa. Hata inzi walioharibiwa njia yao ya kukatakata RNA ya virusi, ile inayohesabiwa kuwa silaha kuu ya wadudu, bado wanalindwa. Kwa hiyo kinga iliyoamshwa inaweza kusaidia, lakini kizuizi kinafanya kazi hata bila yenyewe. Jambo jingine linaelekea hukohuko: katika tishu yenye seli mchanganyiko, zinazolindwa ni zile zenye bakteria ndani yake. Jirani asiye naye hafaidiki sana. Kama ingekuwa suala la askari wanaozunguka mwilini, jirani naye angefaidika.

Kipimo kizuri cha nadharia ni kuangalia pale inaposhindwa. Wolbachia hakuwalinda inzi dhidi ya virusi vya DNA vilivyojaribiwa. Baadhi ya virusi vya RNA ya aina hasi, ambavyo RNA yake haisomwi moja kwa moja na ribosomu, navyo havikuguswa katika seli za mbu. Vinavyozuiwa vizuri ni vya RNA chanya: dengi, Zika, chikungunya, homa ya manjano. Huu mpangilio unatuambia kwamba Wolbachia hamfanyi mbu awe na afya bora kwa jumla. Anaharibu mazingira ambayo familia fulani ya virusi inayategemea katika saa zake za kwanza ndani ya seli. Kwa maoni yangu hakuna sababu ya kutafuta ufunguo mmoja. Mafuta yaliyokwama, tando zilizokaliwa na RNA inayosagwa ni sura za hali moja: seli iliyopangwa upya ili imfae bakteria.

Tafsiri hii inaeleza jambo la Yogyakarta ambalo lingekuwa la kushangaza vinginevyo. Aina zote nne za virusi vya dengi zilipatikana kwa wagonjwa wakati wa jaribio, na kinga ilionekana dhidi ya zote. Watengenezaji wa chanjo wamehangaika miaka mingi na aina hizi nne, kwa sababu kingamwili za mwanadamu zinatambua sura ya nje ya virusi, na sura hizo zinatofautiana. Mbaya zaidi, kingamwili dhidi ya aina moja zinaweza kuzidisha ukali wa maambukizi ya aina nyingine. Wolbachia hatazami sura. Aina zote nne zinahitaji tando zilezile, mafuta yaleyale na ribosomu zilezile.

Kwa nini aina dhaifu ndiyo iliyoshinda

Kama kinga inaongezeka na wingi wa bakteria, mtu angedhani kwamba aina yenye bakteria wengi zaidi ndiyo ya kutumia. Maabara ilisema hivyohivyo: wMelPop ilizuia dengi kwa nguvu kuliko zote. Uwanjani mambo yalikwenda kinyume. Mbu wenye wMelPop waliachiliwa katika vijiji viwili karibu na Cairns, Australia, na katika kijiji cha Tri Nguyen kisiwani Hon Mieu, Vietnam. Wakati wa kuachilia, bakteria alifika viwango vya juu. Uachiliaji uliposimama, akaanza kupotea.

Sababu zilikuwa zimeshaonekana maabara. Mbu wenye wMelPop hufa mapema, kama ilivyokusudiwa tangu mwanzo, na mayai yao hayavumilii kukaa muda mrefu katika hali kavu yakisubiri maji, jambo ambalo ndilo tegemeo la Aedes aegypti msimu wa kiangazi. Kuna hata kasoro ya kuchekesha, kama isingekuwa ugonjwa: majike waliozeeka na bakteria huyu hupata mrija wa kufyonzea damu ulio legevu, unaojikunja badala ya kupenya ngozi. Mbu wa namna hiyo hawezi kuambukiza mtu dengi, na pia hawezi kupata damu ya kutaga mayai. Bakteria wake anakufa naye.

Aina iliyopelekwa Yogyakarta ni wMel, nduguye mpole, naye pia kutoka kwa inzi wa matunda. Ndani ya mbu hajai kupita kiasi, hapunguzi sana maisha yake, na kizuizi chake dhidi ya virusi ni pungufu kidogo kuliko cha wMelPop. Tangu Januari 2011, mbu wenye wMel walipoachiliwa katika vitongoji vya Yorkeys Knob na Gordonvale karibu na Cairns, aliwashinda mbu wa kienyeji na kubaki. Uchunguzi uliofanywa baada ya takriban miaka kumi ulimkuta bado yupo.

Hapo ndipo swali la mwanzo linapopata jibu lake la pili. Nchini Vietnam, watafiti waliwalisha mbu damu ya wagonjwa halisi wa dengi hospitalini, si virusi vilivyooteshwa maabara. Wengi wa mbu wenye wMel hawakufikisha virusi kwenye mate, baadhi walifikisha. Kwa kuingiza vipimo hivyo kwenye modeli ya maambukizi, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalisema kwamba wMel angepunguza idadi ya watu wapya ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza kupitia mbu kwa asilimia 66 hadi 75. Fanya hesabu. Mahali ambapo mgonjwa mmoja angezaa wagonjwa watatu, punguzo la asilimia 70 linamwacha na 0.9, chini ya moja, na mlipuko unazimika wenyewe. Mahali ambapo angezaa wanne, wanabaki 1.2: dengi inaendelea, lakini inatambaa badala ya kukimbia. Kizuizi kisichokamilika ndani ya mbu mmoja kinatosha, mradi karibu kila mbu anacho. Na ili karibu kila mbu awe nacho, bakteria sharti awe mpole kiasi cha kurithiwa bila kumgharimu mwenyeji wake.

Brazil inatoa mfano wa upande wa pili. Jijini Niterói, wMel alipofika viwango vya juu katika maeneo mengi, dengi ilishuka kwa asilimia 69 hivi. Ng'ambo ya ghuba, Rio de Janeiro, wastani wa mbu wenye bakteria ulikaa karibu thuluthi moja, na punguzo la dengi likawa asilimia 38. Bakteria ni yuleyule na virusi ni vilevile. Kinachotofautiana zaidi ni kiwango cha mbu walio naye.

Namna jaribio lilivyopima, na linavyoweza kuwa limepunja

Jaribio la Yogyakarta liliongozwa na Adi Utarini wa Chuo Kikuu cha Gadjah Mada pamoja na wenzake wa World Mosquito Program, mpango unaoeneza mbu wenye Wolbachia, kwa ufadhili wa Tahija Foundation ya Indonesia. Halikuwa na mbu bandia wa kuwapumbaza wakazi; watu waliweza kujua kama mtaa wao umepelekewa ndoo za mayai. Msomaji mkali ataanza na hilo. Je, haiwezekani wakazi wa maeneo yenye Wolbachia waliona wameshalindwa, wakapunguza kwenda kituoni wakiwa na homa?

Muundo uliotumika unajibu sehemu kubwa ya hofu hiyo. Kila mshiriki, wa pande zote mbili, alikuwa mtu aliyekwenda mwenyewe kituoni akiwa na homa. Vipimo vya maabara ndivyo vilivyowatenganisha baadaye waliokuwa na dengi na waliokuwa na homa nyingine isiyo ya virusi vya mbu. Kisha swali likawa: je, wenye dengi wanaishi zaidi upande gani wa ramani, ukilinganisha na wenye homa nyingine? Tabia ya kwenda au kutokwenda kituoni inawagusa wote, kwa kuwa wakati wa kuamua kwenda hakuna aliyejua homa yake ni ya nini. Naona huu ndio uamuzi wa werevu kuliko yote katika utafiti ule, na pia wa bei nafuu, maana hauhitaji kufuatilia maelfu ya watu wenye afya kwa miaka.

Udhaifu ninaouona mkubwa zaidi unaelekea upande wa kupunja matokeo. Hapakuwa na nafasi tupu kati ya eneo moja na jingine. Mbu wenye Wolbachia walivuka mipaka, wakaonekana pembezoni mwa maeneo ya ulinganisho. Watu nao hawakai mtaani kwao mchana kutwa, na Aedes aegypti anauma mchana. Mkazi wa eneo lenye Wolbachia anaweza kuumwa kazini au shuleni kwenye eneo lisilo naye, kisha akahesabiwa kama mgonjwa wa upande uliolindwa. Watafiti waliuliza kila mshiriki alikuwa wapi siku 3 hadi 10 kabla ya kuugua ili kupima mchanganyiko huo, lakini hakuna dodoso linaloweza kuukausha kabisa.

Uchambuzi uliofuata ulifungua zaidi. Katika maeneo ya ulinganisho, wagonjwa wa dengi walionekana kwa makundi: aliyeugua leo alikuwa na jirani aliyeugua karibuni, dalili kwamba virusi vinapita kutoka nyumba hadi nyumba. Katika maeneo ya Wolbachia makundi hayo hayakuonekana. Wagonjwa wachache waliokuwapo walikuwa wametawanyika, kama watu walioambukizwa mahali pengine wakarudi nyumbani na virusi ambavyo havikuendelea mbele. Kwangu, ushahidi huu ni mzito kuliko asilimia 77.1 yenyewe. Asilimia inasema ugonjwa umepungua, mpangilio wa wagonjwa unasema mnyororo umekatika. Nafikiri wale 67 wanapaswa kusomwa kwa mwanga huo, kwamba sehemu yao ilitoka nje ya ulinzi na wala si kwamba ulinzi ulivuja.

Baada ya matokeo, maeneo ya ulinganisho nayo yalipelekewa mbu wenye wMel. Kimaadili ilikuwa lazima. Kitakwimu, mlango wa ulinganisho ukafungwa, na tangu hapo Yogyakarta inaweza kujilinganisha tu na historia yake.

Pale hoja inapolegea

Kitendawili kimoja hakipaswi kufichwa. Aedes albopictus, binamu wa Aedes aegypti, ana Wolbachia kwa asili, tena aina mbili, na bado anasambaza dengi na chikungunya. Kama bakteria anazuia virusi, kwa nini huyu hazuiwi? Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya wingi na mahali. Katika wadudu waliozoeana na Wolbachia kwa muda mrefu, bakteria mara nyingi ni wachache nje ya viungo vya uzazi. Katika mwenyeji mpya kama Aedes aegypti, wMel anajaa pia kwenye utumbo na tezi za mate, yaani vituo vyote viwili ambavyo dengi lazima ipite. Maelezo hayo yanafaa, lakini yanazaa wasiwasi wake: mazoea yakijengeka, je, wMel naye atapungua ndani ya mwenyeji wake mpya? Mbu waliokusanywa Australia miaka mingi baada ya kuachiliwa hawaonyeshi hivyo. Miaka kumi ni vizazi vingi vya mbu, ingawa kwa mageuzi ni kipande kifupi.

Joto ni tatizo lililo wazi zaidi. Viluwiluwi wenye wMel wakikulia kwenye maji yanayopanda kati ya nyuzi 26 na 37 kila siku, wingi wa bakteria unashuka sana. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa Malaysia walipofanya kazi Kuala Lumpur walichagua aina nyingine, wAlbB, inayovumilia joto, na katika maeneo yao dengi ilipungua kwa asilimia 40 hivi. Uchaguzi wa aina unategemea hali ya hewa ya mahali kama unavyotegemea nguvu ya kizuizi.

Kuhusu virusi kujibadilisha, hatari ipo kwa sababu popote palipo na kizuizi kisichokamilika kuna virusi vinavyopenya, na vinavyopenya ndivyo vinavyozaa. Lakini kile nilichokieleza kuhusu seli kinapunguza hofu. Virusi vinavyokwepa kingamwili vinahitaji kubadilisha sehemu ndogo ya sura yake ya nje. Vinavyotaka kukwepa Wolbachia vingelazimika kutafuta njia nyingine ya kutumia mafuta na tando, kustahimili usagaji wa RNA, na wakati huohuo kuendelea kufanya kazi ndani ya seli za binadamu. Haiwezekani kusema havitaweza. Ni safari ndefu zaidi.

Kwa mantiki hiyo, jiji linalofuata mfano wa Yogyakarta lingefaa kubadili namna linavyofuatilia mbu wake. Kipimo cha kawaida cha mbu walionaswa mtegoni kinajibu kama Wolbachia yupo au hayupo, na asilimia 95 ya majibu ya "yupo" inaonekana ni habari njema. Ila kinga hailetwi na kuwapo kwa bakteria peke yake. Inaletwa na wingi wake ndani ya utumbo na tezi za mate, na wingi huo unaweza kushuka katika msimu wa joto kali bila asilimia hiyo kutikisika. Sampuli za mbu zimeshakusanywa na mashine za kupima zipo. Kilichobaki ni kusoma wingi wa bakteria kwenye matokeo yaleyale, mwezi baada ya mwezi, na kuulinganisha na wagonjwa wanaothibitishwa vituoni.